Nani Aliniweka Dau?

Pelagia alipata habari za ndoa yake kutoka kwa mtu aliyekuja kutoa kopi ya leseni ya pikipiki.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa tatu, mwaka 2014. Mvua iliyoanza alfajiri bado ilikuwa inapiga mabati ya soko la Kasulu, na steshenari yake ndogo ilinuka wino na nguo mbichi za wateja. Mtu mwenyewe alikuwa Abdalah, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha pale nje. Alimpa leseni, akajifuta maji usoni, kisha akamtazama kwa huruma kama mtu aliyefika msibani.

"Pole sana, dada Pelagia. Ndiyo mipango ya Mungu. Ilibaki kidogo tu, saa hizi ungekuwa mke wa mtu."

Pelagia alikuwa ameshainua kifuniko cha mashine. Akakiacha vilevile.

"Pole ya nini?"

"Ya jana. Ya yule farasi."

"Farasi gani, Abdalah?"

Hapo Abdalah akajua kwamba amefungua mdomo mahali pasipotakiwa. Akatazama nje, akatazama mvua, akaona hakuna pa kukimbilia.

Mzee Pasikali, baba yake Pelagia, alikuwa na banda la mpira nyuma ya nyumba yake: mabenchi, televisheni kubwa na dishi juu ya paa. Siku za mpira watu walijaa mpaka mlangoni. Lakini kila mwezi wa tatu dishi lilileta jambo jingine, mashindano makubwa ya farasi huko Uingereza, siku nne mfululizo, farasi wakiruka viunzi huku wamepandwa na watu waliovaa fulana za rangi kali. Wanaume wa Kasulu ambao maishani hawajagusa hata mkia wa farasi waliyapenda mashindano yale kuliko kitu kingine. Majina ya farasi yaliwashinda kutamka, kwa hiyo walichagua kwa fulana za wapandaji. Huyu anaweka jogoo kwa wa kijani, yule kreti ya soda kwa wa nyekundu. Miaka yote Pelagia alizisikia kelele zao kutoka jikoni, na hakuwahi kuwaza kwamba zinamhusu.

"Nieleze," alisema. "Yote."

"Jana ilikuwa siku ya mwisho, dada. Ile mbio kubwa yenyewe. Tumekaa, Irakoze naye yupo, kakaa benchi la nyuma, kimya kama kawaida yake. Mzee akasimama mbele ya watu akasema, 'Wewe mtoto wa Murungu, umenichoshea kibaraza na wazee wako. Chagua farasi mmoja. Akishinda, Pelagia ni wako, na sitaki neno la mtu. Akishindwa, kesho usionekane Kasulu.' Sisi tukacheka. Tukajua utani."

"Na Irakoze?"

"Yeye hakucheka. Alikaa kidogo, akasema, 'Wa fulana ya njano.' Wakapeana mkono."

"Wakapeana mkono," Pelagia alirudia polepole.

"Mbele ya watu wote. Na yule wa njano, dada, nakuapia alikuwa ameshashinda! Kawaacha wenzake huko nyuma kama wamefungwa kamba. Kikabaki kiunzi kimoja. Miguu ya mbele ikagusa, chali! Mimi mwenyewe nililia."

"Ulilia kwa ajili yangu?"

Abdalah akashusha macho. "Nilikuwa nimeweka jogoo."

Pelagia alimrudishia leseni bila kopi. "Yuko wapi Irakoze?"

"Alimpa mzee mkono tena, akatoka. Leo asubuhi mimi ndiye niliyempeleka stendi. Na begi lake."

Pelagia alichukua simu, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, na sauti ileile ya kike, tamu, isiyojali, ikamwambia ajaribu baadaye. Alizima mashine, akafunga mlango kwa kufuli, akaingia mvuani bila mwavuli.

Miaka miwili. Miaka miwili alimpenda yule kijana mnunuzi wa maharage, mwenye macho matulivu na maneno machache, aliyekuja siku moja kutoa kopi moja ya karatasi akarudi siku tano mfululizo kutoa kopi ileile. Miaka miwili aliwatetea wazee wake, waliokuja mara mbili kutoka Murungu, kule Kibondo, kuleta posa wakaachwa kibarazani bila hata kikombe cha maji. Na yeye ameondoka bila kumwambia hata neno moja!

*

Mzee Pasikali alikuwa kibarazani, anaunganisha waya wa dishi uliokatwa na upepo. Pelagia alipanda ngazi, akasimama mbele yake huku anachuruzika maji. Hakumwamkia.

"Mtoto gani huyu anaingia nyumbani bila shikamoo?"

"Mtoto aliyewekwa dau."

Mzee alicheka kidogo, kisha akaona uso wa binti yake na kicheko kikakwama. "Nani kakuletea maneno? Ule ulikuwa utani wa wanaume."

"Utani! Mtu amebeba begi lake amehama mji, baba. Huo ni utani wa namna gani?"

"Kaondoka kwa miguu yake. Sikumshikia fimbo." Aliweka koleo chini. "Na hapo ndipo ungefumbua macho, mwanangu. Mwanaume anayekupenda angekubali? Angesimama aniambie, 'Mzee, binti yako siyo jogoo.' Angesema hivyo, haki ya Mungu, ningemkaribisha ndani siku ileile. Nilimpa nafasi. Yeye akatazama televisheni, akachagua fulana."

Maneno yale yalimwingia Pelagia kama mwiba, kwa sababu yalikuwa na ukweli. Hakutaka baba yake auone ukweli huo ukimchoma.

"Na angeshinda?"

"Hakushinda."

"Nakuuliza, baba. Yule wa njano angevuka kile kiunzi, ungenioza kwake?"

Mzee akauokota tena waya. "Tungeona."

"Tungeona?"

"Kuna mambo ya kuangalia, Pelagia! Ndoa siyo farasi. Babu yake kijana huyo alikuja huku kutoka Burundi na godoro kichwani. Hana hata kaburi moja la ukoo kwenye udongo huu. Sisi Waha wa Heru tuna taratibu zetu."

"Kwa hiyo angeshinda ungemnyima. Ameshindwa umemfukuza." Pelagia alijipangusa maji usoni. "Hukumpa nafasi yoyote. Ulimchezea mbele ya watu. Na ulichochezea ni mimi."

"Angalia unavyosema nami! Mama yako alipofariki, ni mimi niliyekusuka nywele kwa vidole hivi. Watu walinicheka njia nzima ya kanisani."

"Ndiyo maana inauma, baba. Angekuwa mtu mwingine, ningemtemea mate nikaenda zangu."

Pelagia aliingia ndani, akabadilisha nguo, akatoka na mkoba mdogo.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kibondo."

"Kumfuata? Unamfuata mwanaume? Hujui aibu wewe?"

"Simfuati, baba. Nakwenda kugombana naye. Nawe nimeshamaliza."

*

Barabara ilikuwa tope tupu, na basi lilikwama mara mbili. Kila lilipokwama hasira ya Pelagia ilipata muda wa kupanga maneno. Mpaka wanaingia Kibondo, mchana umekwisha kusogea, alikuwa na hotuba nzima kichwani.

Alimkuta sokoni, upande wa mazao, kando ya mzani. Alikuwa anashusha gunia la maharage begani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alilitua gunia kwenye turubai, akanyoosha mgongo, akamwona.

Walitazamana. Kelele za soko zilikuwepo, wachuuzi wanaita, mtu anagombania bei ya mihogo, lakini kwa kitambo kile wawili wale hawakusikia chochote. Moyo wa Pelagia, mjinga yule, uliruka kama unavyoruka siku zote. Uso wa Irakoze ulifunguka. Akatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo lililoichoma ile hotuba yote.

"Usinitabasamie!"

Watu wakageuka. Tabasamu likafa.

"Pelagia..."

"Nyamaza. Nani alikupa ruhusa ya kuniweka dau?"

"Tuongee pembeni, basi."

"Pembeni? Mliniuza hadharani, mbele ya banda zima, leo unataka tuongee pembeni? Tutaongea hapahapa, mbele ya maharage yako."

Irakoze alijifuta jasho kwa mkono. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na siku hiyo jambo hilo nalo lilimuudhi Pelagia.

"Wazee wangu walikuja mara mbili," alisema hatimaye. "Mama alitoka pale kibarazani kwenu analia njia nzima. Mimi nimemsalimia baba yako miaka miwili, haitikii. Jana, kwa mara ya kwanza, aliniita mbele ya watu akanionyesha mlango. Mlango wa kiwendawazimu, najua. Lakini ulikuwa wazi. Ningefanyaje?"

"Ungesema hapana."

"Halafu wangesema naogopa."

"Na wangesema! Kwani wewe unamwoa nani, mimi au banda la mpira?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mihogo akaguna, "Yoo!" na mwenzake akamziba mdomo kwa kanga.

"Na alipoanguka farasi wako," Pelagia aliendelea, "ulifanya nini? Ulikuja kwangu? Ulinipigia? Umezima simu ukapanda basi kama mwizi!"

"Nilitoa neno langu. Tulipeana mkono. Sisi watu wanatuita wageni mpaka leo, Pelagia. Wanasema Mrundi haaminiki, Mrundi hana neno. Kama nisingeondoka, baba yako angepata cha kusema maisha yake yote."

"Neno lako kwa baba." Alimsogelea, na sasa sauti yake ilishuka, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko makelele. "Na neno lako kwangu? Siku ile tunatoka kanisani uliniambia nini? Hukuniambia hutaamua jambo lolote juu ya maisha yetu bila mimi? Hukusema hivyo kwa mdomo wako?"

"Nilisema."

"Basi una maneno mawili, Irakoze. La baba yangu umelitunza. La kwangu umelitupa matopeni, na hata hukugeuka kulitazama."

Irakoze alitazama mikono yake. Pelagia alitamani amshike. Alitamani pia ampige kofi. Alibaki ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili ili mikono isifanye lolote kati ya hayo.

Ndipo mama mmoja mfupi mwenye kilemba cheupe alipoinuka nyuma ya mafungu ya viazi vitamu. Alikuwa Mama Uwimana, mama yake Irakoze, na alikuwa amesikia kila neno.

"Shikamoo, mama," Pelagia alisema, kwa aibu.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia kijana wake. "Uliniambia wamekukataa."

"Mama..."

"Leo umefika na begi, umeniambia wamekukataa, nimelia nawe. Kumbe umemchezea kamari mtoto wa watu?" Alivua kanga ya begani, akamchapa nayo mgongoni, mara moja, kwa nguvu. Vumbi la maharage likaruka. "Kwa farasi! Sisi lini tumefuga farasi?"

Soko lilicheka. Irakoze hakucheka, na Pelagia naye hakucheka, ingawa ilibaki kidogo. Mama Uwimana alirudi kukaa kwenye viazi vyake, anapumua kwa hasira.

"Unataka nifanye nini?" Irakoze aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie, nitafanya."

"Rudi Kasulu. Simama pale ulipopeana mkono na baba, mbele ya watu walewale, useme dau lile halikuwa lako kuliweka."

"Wataniita mwongo."

"Ndiyo."

"Wataniita kigeugeu. Watasema, si mnaona, Mrundi huyo."

"Watasema. Mimi nimeitwa dau, mbona nipo hai? Kuwa mwongo kwao, uwe mkweli kwangu, au baki hapa na heshima yako uioe."

Aligeuka akaondoka. Usiku huo alilala kwa mama yake mdogo Rosa, nyuma ya soko. Alikula ugali wake wote, na asubuhi akapanda basi la kwanza. Kwenye basi hilo Irakoze hakuwemo.

*

Jumapili jioni banda lilijaa kwa ajili ya mechi ya Ulaya. Pelagia alikuwa jikoni anachambua mboga, na kila mlango ulipolia mkono wake ulisimama. Alijiambia hamsubiri mtu. Alikuwa hajaongea na baba yake tangu arudi; walipishana kama wapangaji.

Mara makelele ya banda yakabadilika. Si goli. Ilikuwa sauti moja ya watu wengi wenye hasira: "Toka mbele ya tivii wewe!"

Aliweka kisu chini, akavuka ua, akasimama kwenye mlango wa banda ambamo wanawake hawaingii.

Irakoze alikuwa amesimama mbele ya televisheni, tope mpaka magotini. Lori alilopanda lilikuwa limeharibika njiani, na kipande cha mwisho alikitembea. Nyuma ya bega lake, kwenye televisheni, wachezaji walikimbia, lakini hakuna aliyewaona.

"Ijumaa nilimpa mzee Pasikali mkono hapa," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi watu wanyamaze. "Leo nimekuja kuurudisha."

"Mkono haurudishwi!" mmoja alipaza sauti. "Kigeugeu!"

"Mwanaume ni neno lake!"

"Niiteni mtakavyo. Pelagia hakuwa wangu wa kuwekwa dau. Hakuwa hata wa mzee. Nilikubali kwa sababu niliogopa kuchekwa na nyinyi. Basi, nichekeni leo, tumalize."

Walimcheka kweli. Wengine walizomea. Abdalah peke yake hakuzomea. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Pasikali aliinuka kwenye kiti chake cha mbele, na kicheko kikapungua.

"Umekuja kunivunjia heshima nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kuomba radhi, mzee. Kwanza kwa binti yako. Kisha kwako, kwa sababu nilikuchukulia kama mtu anayeweza kumtoa mwanawe kwa mchezo, na mimi nikacheza."

Macho ya mzee yalizunguka banda, yakatafuta mtu wa kumuunga mkono, yakafika mlangoni. Akamwona Pelagia. Walitazamana kwa muda, baba na mtoto, mbele ya watu wote wale, na Pelagia hakushusha macho.

Mzee Pasikali alinyoosha mkono akazima televisheni.

"Aa, mzee! Mechi!"

"Mechi imekwisha. Nendeni mkaangalie kwingine."

Walitoka wakinung'unika, wakimpita Pelagia mlangoni bila kumtazama usoni. Banda likabaki na mabenchi matupu na watu watatu. Mzee alikaa tena, mzito, akajipangusa kipara.

"Waambie wazee wako waje," alimwambia Irakoze bila kumtazama. "Jumamosi. Safari hii watakaa ndani. Watakunywa chai."

Uso wa Irakoze uling'aa. "Asante, ba..."

"Hapana," alisema Pelagia.

Wote wawili wakageuka.

"Mnaona mlivyo? Dakika mbili hazijapita, mmeshaanza kupangiana tena. Nani ameniuliza mimi?"

Baba yake aliguna, lakini sauti ilipotoka ilikuwa ndogo. "Haya. Unamtaka huyu?"

"Leo simtaki mtu. Leo nimewakasirikia nyinyi nyote wawili, na sijui hasira hii itakwisha lini, na msiniharakishe." Machozi yaliyogoma tangu Jumamosi yalikuja sasa, akayafuta kwa kiganja kwa ghadhabu, kama mtu anayefukuza nzi. "Baba, wewe kesho utanieleza kwa nini kaburi la babu wa mtu ni kubwa kuliko mimi. Na wewe..."

"Ndiyo," Irakoze alisema haraka.

"Kesho nafungua saa mbili. Ukiwa na la kuniambia, njoo uniambie mimi. Na upange foleni kama wateja wengine."

"Nitapanga."

"Na ukipitwa na mtu usilalamike."

"Sitalalamika."

Irakoze alimpita mlangoni, karibu kiasi cha Pelagia kusikia harufu ya tope na ya safari kwenye nguo zake. Alisita, akasubiri aambiwe kitu. Pelagia alimwangalia anavyokwenda, miguu inazama kwenye udongo mwekundu, mpaka alipopinda kuelekea stendi kutafuta pa kulala. Hasira ilikuwa bado nzima kifuani mwake, haijapungua hata chembe. Ila jana aliibeba peke yake mpaka Kibondo, na leo yule aliyestahili kupewa alikuwa amekuja mwenyewe kuichukua.